Mara nyingi kifafa hubisha hodi

Msomaji, hebu fikiria kisa hiki. Umeketi jikoni jioni moja, jiko halijawashwa, mara unanusa mpira unaoungua. Unamwuliza mtoto kama ametupa ndara motoni. Anakutazama kwa mshangao. Moto hakuna, moshi hakuna, na nyumba nzima hakuna mwingine anayenusa kitu. Harufu inadumu muda wa kuhesabu moja hadi ishirini, kisha inatoweka. Baada ya majuma mawili inarudi, na safari hii inafuatana na kitu kama wimbi linalotoka tumboni na kupanda mpaka kooni. Kutoka hapo hukumbuki lolote hadi unapojikuta sakafuni, umejiuma ulimi, na majirani wamejaa mlangoni.

Je, ukifikishwa hospitalini, ni nani atakayemweleza daktari habari za ile harufu? Majirani watasimulia jinsi ulivyoanguka, ulivyotetemeka na ulivyotokwa na povu, kwa sababu hayo ndiyo waliyoyaona kwa macho yao. Harufu uliinusa wewe peke yako. Na wewe, kama walivyo wengi, utanyamaza. Utaogopa kuambiwa kwamba umeanza kurukwa na akili, au kwamba kuna mtu amekutumia kitu nyumbani.

Makala ya leo yanahusu harufu hiyo na jamaa zake, maana jamaa zake ni wengi.

Madaktari huiita aura. Ni neno la Kigiriki, na maana yake ni upepo mwanana. Galen, tabibu Mgiriki aliyeishi katika karne ya pili, alisimulia habari za mvulana wa miaka 13 ambaye ugonjwa wake ulianzia mguuni chini ya goti, ukapanda pajani, ukapita ubavuni na shingoni, na ulipofika kichwani hakujitambua tena. Kijana mwingine alipoulizwa kitu hicho kinachopanda kinafananaje, alijibu kwamba ni kama upepo wa baridi. Hapo ndipo jina lilipotoka, na mpaka leo halijabadilishwa.

Sasa, tafadhali msomaji, shika jambo moja ambalo hata baadhi ya watu waliosoma hawalijui. Aura si mjumbe anayetangulia kuleta habari kwamba kifafa kiko njiani. Aura ni kifafa chenyewe ambacho tayari kimeanza.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana, ambao seli zake hupelekeana kwa utaratibu. Kifafa hutokea wakati kundi la seli linapofyatua umeme kwa pamoja, bila utaratibu, mfano wa umati wa watu uwanjani wanaopiga kelele kwa mpigo mmoja. Vurugu hiyo ikianzia mahali pamoja tu, mgonjwa bado ana fahamu zake, na anachohisi hutegemea kazi ya mahali hapo. Ikianzia kwenye seli za kunusa, atanusa. Ikianzia kwenye seli za kuona, ataona. Kisha ikienea hadi pande zote mbili za ubongo, fahamu hutoweka, na hapo ndipo mtu huanguka na kukakamaa, nasi tulio kando tukasema ameshikwa na kifafa. Lakini yeye alikuwa ameshikwa tangu mwanzo.

Wakati mwingine vurugu hizo hazienei. Zinazimika pale pale zilipoanzia. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka mingi akipata aura peke yake, asianguke hata siku moja, na asijue kwamba ana kifafa kinachohitaji dawa.

Mtu aliyetusaidia kuelewa mambo haya ni John Hughlings Jackson, daktari wa London wa karne ya 19. Aliwachunguza wagonjwa ambao mtetemeko wao ulianza katika kidole gumba, ukapanda mkononi, kisha ukafika usoni, daima kwa njia ile ile, akatambua kwamba njia hiyo inafuata ramani iliyo ndani ya ubongo. Baadaye Wilder Penfield, aliyeanzisha taasisi ya ubongo mjini Montreal, Kanada, mwaka 1934, aliwapasua wagonjwa wakiwa macho. Alipougusa ubongo kwa umeme hafifu mahali fulani, mgonjwa aliweza kusema kwamba hisia yake ya kawaida, ile inayomjia kabla ya kuanguka, imemjia sasa hivi. Hapo kwenye meza ya upasuaji hapakuwa na jini wala mchawi. Palikuwa na waya.

Hisia hizo ni za namna gani? Iliyo ya kawaida zaidi ni ile ya tumboni. Mgonjwa huhisi kitu kikipanda kutoka tumboni kuelekea kifuani na kooni, kama vile mtu anayeteremka mlima ndani ya matatu inayokwenda kasi. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo au minyoo, na wapo waliokunywa dawa za tumbo kwa miaka.

Kuna wanaohisi ladha mbaya mdomoni, mfano wa kulamba chuma. Kuna wanaosikia mlio au mvumo usiokuwepo. Wengine huona mataa ya rangi, aghalabu ya mviringo, yakizunguka upande mmoja. Wengine hufa ganzi au huchomwachomwa mkononi na usoni. Wengine husisimkwa na nywele mwili mzima, na moyo ukawaenda mbio.

Halafu kuna zile zinazowatisha watu zaidi kwa sababu zinaingia akilini. Mtu anaingia katika nyumba ambayo hajawahi kuikanyaga, na ghafla anahisi kwamba amewahi kuwa pale, akiwa na watu wale wale, wakisema maneno yale yale. Au kinyume chake: anamtazama mama yake mzazi na kumwona kama mgeni. Kuhisi kwamba jambo limewahi kutokea si ugonjwa kwa lenyewe. Watu wengi wenye siha njema hulipata mara moja moja. Lakini likija mara kwa mara, kwa namna ile ile, na baadaye mtu akapotewa na dakika mbili asizoweza kuzieleza, basi hilo ni jambo la kupeleka kwa daktari.

Kuna pia hofu. Siyo hofu ya kitu fulani. Ni hofu tupu inayomwagika kama maji baridi. Mtoto wa miaka minne anaacha kucheza, anamkimbilia mama, anamkumbatia miguu kwa macho yaliyotoka pima, na kabla mama hajauliza kuna nini, mtoto anaanza kumumunya midomo na kuchezea vifungo vya nguo bila kusikia akiitwa. Mama anasema mtoto ameona kitu. Ameona nini? Hajaona chochote. Sehemu ya ubongo inayohusika na woga ndiyo iliyofyatuka.

Kwa nadra sana huja furaha isiyo na kifani. Mwandishi mashuhuri wa Urusi, Fyodor Dostoevsky, aliyefariki mwaka 1881, aliugua kifafa na alieleza furaha kubwa iliyomjia sekunde chache kabla hajaanguka. Mhusika wake mmoja, Myshkin, alimpa hali hiyo hiyo.

Sidhani nahitaji kukueleza, msomaji, mambo haya yanapopelekwa hapa kwetu. Mtu anayenusa visivyonuswa, anayesikia visivyosikika na kuogopa visivyoonekana hupelekwa kwa mganga kabla ya kupelekwa zahanati. Huko Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wamechunguza kifafa kwa miaka mingi, degedege la watoto wadogo limehusishwa tangu jadi na nyuni, ndege wa kipepo apitaye juu ya mtoto. Simkatazi mtu kuomba, wala simdharau mzee aliyerithi mila zake. Maombi na tembe havijawahi kugombana. Kinachonikera ni yule anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili kuthibitisha imani yake, kwani kukatiza dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho huua.

Aibu nayo ina makali yake. Katika maandishi ya kale ya Wagiriki yanayohusishwa na Hippocrates, ya miaka kama 2,400 iliyopita, tabibu anaeleza kwamba waliozoea ugonjwa huu hujua unapowajia. Huwakimbia watu. Nyumba ikiwa karibu hukimbilia nyumbani, na ikiwa mbali hukimbilia mahali pasipo na mtu, wakajifunika kichwa. Anasema hawafanyi hivyo kwa kuogopa miungu. Ni kwa aibu. Watoto wadogo, anaongeza, hawana aibu hiyo bado, na wakishazoea dalili hukimbilia kwa mama zao au kwa mtu wanayemjua.

Nimesoma maneno hayo mara kadhaa, na kila mara naona kwamba mtoto ndiye mwenye busara. Mtu mzima hapa kwetu akihisi aura hujitenga. Huingia chooni na kufunga mlango kwa ndani. Huenda nyuma ya nyumba, au katikati ya shamba la mahindi, au kando ya mto ambako hakuna atakayemwona. Yaani anatumia zile sekunde chache alizopewa kwenda mahali ambapo akiangukia uso hakuna wa kumgeuza, na akianguka majini hakuna wa kumvuta.

Nakumbuka mvulana mmoja tuliyekuwa naye darasa la tano. Mara kwa mara alishika tumbo, akasimama ghafla na kwenda nje. Mwalimu alidhani anatafuta kisingizio cha kukwepa hesabu. Kiboko kilikuwa hakijapigwa marufuku shuleni wakati huo. Hilo lilikuja mwaka 2001. Alichapwa mara mbili kwa kutoka bila ruhusa. Mara ya tatu hakutoka. Alishika dawati kwa mikono yote miwili, akaanguka kati ya madawati na kupasuka paji la uso kwenye pembe ya chuma. Darasa zima lilikimbia, na mwalimu ndiye aliyetangulia mlangoni. Yule mvulana hakurudi tena shuleni. Hakuna aliyewahi kumwuliza alikuwa akihisi nini tumboni.

Tena acha niseme hapa kwa herufi kubwa, kama ingewezekana: kifafa hakiambukizwi kwa povu, kwa mate, kwa ushuzi wala kwa kumgusa mgonjwa.

Turudi kwenye zile sekunde. Aura nyingi hudumu kuanzia sekunde chache hadi dakika moja au mbili. Ni muda mfupi, lakini kwa mwanamke aliyeinama juu ya jiko la makaa akisonga ugali, unatosha kurudi nyuma hatua nne na kuketi chini. Unatosha kumlaza mtoto mchanga sakafuni, kushuka kwenye baiskeli, kutoka kwenye ukingo wa kisima, au kulala kwa ubavu na kumwambia aliye karibu, "Inakuja." Makovu ya moto katika mikono na nyuso za watu wenye kifafa mashambani yanatosha kutuambia jinsi sekunde hizo zilivyo na thamani. Anayeweza, apike pamoja na mtu mwingine, au jiko linyanyuliwe na kuzungushiwa kizuizi. Lakini asidanganyike kwamba kwa kuwa ana aura basi anaweza kuendesha gari au kupanda juu ya paa. Siku moja aura haitakuja, au itakuja fupi mno.

Kuna dalili za aina nyingine ambazo hutangulia mapema zaidi, saa kadhaa au hata siku moja kabla. Hizi siyo aura. Mtu huwa mkali bila sababu, au hununa, au huumwa kichwa, au hushindwa kutulia. Ajabu ni kwamba mwenyewe mara nyingi hajijui, bali mkewe au nyanya yake ndiye anayesema, "Leo huyu hayuko sawa." Nyanya wa namna hiyo asipuuzwe.

Si kila mwenye kifafa hubishiwa hodi. Kuna aina ambayo vurugu huanza pande zote za ubongo kwa wakati mmoja, na hapo hakuna nafasi ya aura. Hata hivyo, aina mojawapo ina dalili yake ambayo wazazi wengi huiona na kuikemea. Huanza wakati wa ujana. Asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, mikono ya kijana hushtuka ghafla, na kikombe cha chai kikamponyoka au mswaki ukaruka. Mama anamwita mzembe. Ikifika wakati wa mitihani, akiwa bwenini, analala saa nne tu usiku kucha kwa ajili ya kusoma, na asubuhi moja anaanguka kifafa kikubwa kwenye foleni ya uji. Kukosa usingizi ni adui mkubwa wa vijana hawa.

Daktari anahitaji sana kuelezwa kuhusu kile kikombe. Kuna dawa, kama vile kabamazepini na fenitoini, ambazo huwafaa sana watu wenye kifafa kinachoanzia mahali pamoja, lakini zinaweza kuzidisha mishtuko ya kijana wa aina hii. Vivyo hivyo, ile harufu ya mpira unaoungua humwambia daktari kwamba kifafa kinaanzia upande mmoja, pengine karibu na sikio, na kwamba ni busara kupiga picha ya ubongo. Hasa kama jambo lenyewe limeanza ukubwani, kwani huenda kuna kovu la ajali, kiharusi, uvimbe, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyojificha ubongoni. Mashine ya kupima umeme wa ubongo husaidia, lakini inaweza kuonyesha hali ya kawaida na mtu bado akawa na kifafa. Maelezo ya mgonjwa na ya aliyemwona ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Utatofautishaje aura na mambo mengine? Kipandauso pia huleta mataa machoni, lakini aghalabu huwa ni mistari ya kupindapinda inayokua polepole kwa dakika nyingi, kisha kichwa kikauma. Mtu mwenye wasiwasi naye hushikwa na hofu, ila hofu yake huchukua muda mrefu na mara nyingi ina chanzo. Aura ni fupi, huzuka popote bila kuitwa, na hujirudia kwa sura ile ile, kama kanda inayochezwa upya. Kujirudia huko ndiko hasa kunakopaswa kukushtua.

Nunua daftari la shilingi chache. Andika tarehe, saa, ulichohisi kwanza, kilichofuata, ulilala saa ngapi jana yake, na kama ulikunywa dawa. Wanawake waandike pia siku zao za hedhi, kwani kwa baadhi yao kifafa hufuata mwezi. Na kama kuna mwenye simu yenye kamera, achukue picha za video wakati mtu ameshikwa, baada ya kuhakikisha amelala kwa ubavu, vitu vigumu vimeondolewa karibu naye, na hakuna mtu anayemtia kijiko mdomoni. Kijiko huvunja meno. Hakijawahi kuzuia kifafa. Kikizidi dakika tano, au kikija cha pili kabla hajazinduka, atafutiwe gari apelekwe hospitalini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa mojawapo, fenobabitoni, imetumika tangu mwaka 1912 na ni ya bei nafuu. Ajabu ni kwamba mtu hulipa mbuzi wawili kwa mganga, kisha akalalamikia nauli ya kwenda kliniki.

Kwa wewe uliye na mtoto mwenye kifafa, keti naye siku ambayo hajaumwa. Mwulize polepole, bila kumtisha: kabla hujaanguka, huwa unahisi nini kwanza? Watoto hueleza kwa lugha yao. Mmoja atasema tumbo linacheka, mwingine atasema ukuta unakuja. Usimsahihishe. Chagueni pamoja neno moja fupi, au ishara kama kuinua mkono wa kushoto, atakayoitumia hali hiyo ikianza. Kisha mfundishe ndugu zake neno hilo, na Jumatatu asubuhi nenda mwenyewe shuleni ukamweleze mwalimu wake wa darasa.